Simu ya saa nane na nusu

Jumamosi, ndani ya bucha la Waitalia mtaa wa Arthur Avenue, Bronx, jijini New York. Anayekata nyama ni mwanamume mnene wa miaka 34, mwenye mwanya na sauti ya upole. Mdogo wake ameoa Jumapili iliyopita na mtaa mzima una habari. Kila mama anayesogea kaunta anakuja na pongezi zinazogeuka shutuma hapo hapo: harusi ilipendeza, mdogo wako kakutangulia, sasa wewe unangoja nini? Huoni haya? Marty anatabasamu, anapima, anafunga, anamgeukia mteja wa pili, na yule naye anaanza upya. Msomaji wa Kiswahili aliyevuka miaka 30 bila kuvuta jiko hana haja ya kufafanuliwa.

Ndivyo inavyoanza Marty, filamu ya Marekani ya mwaka 1955, nyeusi na nyeupe, dakika 90 tu. Mwandishi ni Paddy Chayefsky, mzaliwa wa huko huko Bronx. Mwongozaji ni Delbert Mann. Stelingi ni Ernest Borgnine. Watu wengi huisifu kama hadithi tamu ya mwanamume asiye na sura aliyempata mwanamke asiye na sura. Sifa hiyo inaipunja. Swali lake ni gumu kuliko hilo: nani anafaidika na ukapera wa mtu? Wanaomhimiza Marty aoe wanampenda kweli, hawana unafiki. Siku anapompata mwanamke, ni hao hao wanaomvuta shati arudi nyuma. Na kila mmoja ana sababu yake, ambayo Chayefsky ameifukia mapema, Jumamosi, ili Jumapili iote.

Kazi hii ilianzia kwenye televisheni. Miaka ile kituo cha NBC kilikuwa kikirusha michezo ya kuigiza ya saa moja kutoka New York, moja kwa moja, mwigizaji akikosea amekosea mbele ya taifa. Chayefsky alikuwa kwenye mazoezi ya mchezo wake mwingine, yaliyofanyika katika ukumbi wa dansi wa hoteli iitwayo Abbey. Ukutani palikuwa na tangazo linalowaomba wasichana wacheze na mwanamume anayewaomba, wakumbuke kwamba wanaume nao wana moyo. Hadithi nzima imechipuka kwenye tangazo lile. Kwanza aliwaza kuandika habari za msichana mpweke, kisha akaona mwanamume ndiye asiyeandikwa. Mchezo ulirushwa tarehe 24 Mei 1953, Rod Steiger akiwa Marty na Nancy Marchand akiwa Clara, mwanamke anayempata, Mann huyo huyo akiongoza.

Asili hiyo ndiyo iliyoipa filamu umbo lake. Mchezo wa moja kwa moja hauruhusu safari wala umati. Unaruhusu vyumba vichache, watu wawili watatu wanaozungumza, na uso ulio karibu na kamera. Ilipogeuzwa filamu, kamera ilitoka hadi mitaa yenyewe ya Bronx, lakini mifupa haikubadilika: bucha, baa, nyumba ya Marty, nyumba ya ndugu yake Thomas, ukumbi wa dansi, mgahawa, nyumba ya Clara, barabara. Sehemu kubwa nane hivi. Hadithi yenyewe haimalizi siku mbili. Bajeti ilikuwa chini ya dola 400,000, fedha ndogo kwa Hollywood ya wakati ule. Anayeandika filamu leo Dar es Salaam au Nairobi huku akilalamikia bajeti angefaidika kuzihesabu zile sehemu nane, kisha aangalie kila moja inafanyishwa kazi mara ngapi. Baa, kwa mfano, inarudi ili tuone kwamba watu hawajasogea hata hatua moja.

Sasa simu ya kwanza, ambayo ni chuo kizima. Marty na rafiki yake Angie wanaulizana usiku wafanye nini. Sijui, wewe unataka tufanye nini? Mimi sijui, wewe je? Swali linarushwa na kurudishwa hadi linachoka. Angie anashauri wampigie msichana mmoja waliyekutana naye sinema kama mwezi nyuma. Marty anasita, halafu anapiga.

Sauti ya msichana hatuisikii hata mara moja. Tunapewa nusu ya mazungumzo, na nusu ya pili tunaitunga wenyewe, kila mtazamaji kwa kumbukumbu zake. Msichana hamkumbuki, kwa hiyo Marty inabidi ajieleze ni yupi kati ya wale wawili, na anajieleza kwa unene wake. Kisha ombi linarudi kinyumenyume: leo usiku? Jumamosi ijayo je? Na ile inayofuata? Wakati huo wote kamera inamsogelea taratibu, taratibu mno, hadi uso umejaa, na Borgnine anafumba macho huku akiendelea kusema kwa adabu kwamba ameelewa. Mwongozaji asiyejiamini angemkatia upande wa pili, atuonyeshe msichana amejilaza kitandani, anatafuna ubani na kuzungusha macho. Tungemchukia papo hapo, na chuki ingetupa nafuu. Hapa hakuna wa kumchukia. Msichana ana haki ya kutotaka. Kwa sababu hiyo maumivu hayana pa kwenda, yanabaki ndani ya uso ule.

Kumpa Borgnine uso huo wa kubeba ilikuwa kamari. Watazamaji walimjua kama katili: mwaka 1953, katika From Here to Eternity, alikuwa sajenti anayemtesa mhusika wa Frank Sinatra. Faida yake ni hii: tunapomwona Marty amekasirika, tunajua mwili ule una nguvu gani, na tunaona anavyozizuia. Steiger kwenye televisheni alikuwa na kidonda wazi, karibu kulia muda wote. Borgnine ni mtu aliyezoea kidonda hadi amekijengea tabasamu. Naona ndiyo sababu filamu imedumu zaidi.

Jioni ile mama yake anamsukuma aende ukumbi wa dansi wa Stardust. Hapa wanaotafsiri maandishi ya chini ya picha wawe macho. Mama amesikia kwa Thomas, mtoto wa dada yake, kwamba Stardust kumejaa “nyanya” (tomatoes). Katika Kiingereza cha vijana wa Marekani wa enzi ile, nyanya ni wasichana warembo. Ukiliweka hivyo hivyo kwa Kiswahili, msomaji wa Nairobi ataelewa kwamba ukumbi umejaa mabibi vizee. Wa kufaa ni msamiati wa kijiweni, “totozi” kwa mfano, kwa sababu utamu wa tukio uko katika kumsikia mama mtu mzima, mcha Mungu, akitamka neno la vijana wa baa mezani, bila kujua lina ladha gani. Neno jingine la hatari ni “mbwa”. Wanaume wa filamu hii humwita hivyo mwanamke asiyevutia. Katika Kiswahili, kumwita mtu mbwa ni kumvunjia utu na tabia yake, tena ni tusi la ngumi. Neno lile la Kiingereza linahukumu sura tu, na linatamkwa kivivu, kama mtu anayetaja bei. Tafsiri yenye ukali wa “mbwa” inawafanya marafiki wa Marty waonekane wabaya kuliko walivyo. Wao si wabaya. Ni wavivu wa kufikiri.

Kwenye meza ya chakula mama anasisitiza, na Marty, ambaye tangu asubuhi amevumilia, anapasuka. Anasema yeye ni mnene na ana sura mbaya, anasema amechoka kuumizwa kila Jumamosi. Kisha anavaa suti, anakwenda. Huo ndio ukweli wa upweke ambao filamu nyingi za mapenzi hazina subira nao: mtu anakata tamaa kwa kinywa na bado anavaa suti.

Stardust, msichana wa kwanza anamkataa. Halafu anasogezewa ofa. Mwanamume mmoja ameletewa mwanamke asiyemjua, hakumpenda, na amekutana na mwingine anayemtaka. Anampa Marty dola 5 amchukue yule wa kwanza amfikishe kwao. Marty anashangaa. Anasema mtu hawezi kumtelekeza msichana namna hiyo. Yule bwana anampata mwingine wa kupokea fedha, na Marty, akiwa mbali, anashuhudia biashara ile ikifanyika na mwanamke akitambua kwamba anauzwa. Clara anakataa, anatoka nje kwenye roshani. Marty anamfuata, anamwuliza kama angependa kucheza. Clara anageuka na kumwangukia begani akilia.

Tazama mpangilio. Kama Marty angemfuata Clara kabla ya ile ofa, angekuwa mwanamume anayetafuta. Kwa kuwa ameikataa fedha kwanza, tunajua anamwona mtu pale ambapo wenzake wanaona mzigo. Mwandishi hakuhitaji sentensi hata moja ya kumsifu.

Kuanzia hapo Marty anaongea. Anaongea akicheza, akitembea, mgahawani. Hajawahi kusikilizwa hivi, kwa hiyo maneno yanamtoka kama maji ya bomba lililokaa na hewa. Anajigundua anaongea sana, anaomba radhi, anaendelea. Anamsimulia baba yake, ambaye alikuwa na sura mbaya kabisa, na mama alimwabudu, kwa sababu alikuwa mwema na alijaribu kumwelewa. Anakiri kwamba baada ya jeshi, siku za kukosa kazi, alifikia hatua ya kutaka kujiua. Clara ni mwalimu wa kemia, ana miaka 29, na ana jambo lake: amepewa nafasi ya ukuu wa idara katika shule moja mjini Port Chester, nje ya jiji la New York, anaogopa kuwaacha wazazi. Marty anafikiria kulinunua bucha kwa tajiri wake. Kila mmoja anamtia mwenzake moyo kwa jambo ambalo nyumbani hakuna wa kulitia maji. Hakuna maua wala mbalamwezi. Mapenzi hapa ni mtu kuulizwa swali la pili baada ya kujibu la kwanza.

Marty anampeleka kwao mara moja, anajaribu kumbusu kwa pupa. Clara anakataa. Marty anawaka, anajitupa kwenye kiti kwa hasira ya mtu aliyekataliwa mara nyingi mno. Kwa macho ya leo tukio hilo linakera, na ni sawa likere. Linaloliokoa ni kwamba filamu haimpi Marty haki. Clara ndiye anayepata utulivu wa kueleza: anampenda, hakujua tu afanye nini kwa wakati ule, na angependa kuonana naye tena. Mtu mzima mle chumbani ni yeye.

Turudi nyuma kidogo, kwenye maziwa. Thomas na mkewe Virginia wanaishi na mama yake Thomas, Catherine, ambaye ni dada wa mama yake Marty. Nyumba haikaliki. Ugomvi wa safari hii umeanzia kwenye maziwa ya mtoto yaliyomwagika jikoni: mama mkwe katia neno, mkwe karudisha neno, chupa imerushwa. Wanamwomba mama yake Marty amchukue Catherine akae kwake. Anakubali, na usiku ule ule Marty akiwa Stardust, yeye anakwenda kumpa dada yake habari. Catherine ni mjane wa miaka 56. Anasema mikono yake bado ina nguvu, anataka kupika, anataka kufagia, na hana wa kumpikia. Anamwambia dada yake ajiandae, kwani Marty naye siku moja ataoa, na atakayefuata kufungishwa virago ni yeye.

Na hofu hiyo mbichi kifuani, mama anarudi nyumbani na kumkuta Clara sebuleni. Wanazungumza habari za Catherine. Clara, msomi wa chuo kikuu, anasema kwa nia njema kwamba yeye haoni vyema mama kukaa na mwanawe aliyeoa. Maneno ya busara. Yameangukia pabaya kuliko mahali pengine popote duniani, dakika ile. Uso wa Esther Minciotti, anayeigiza kama mama, unafunga kama dirisha. Mtazamaji anajua kwa nini. Clara hajui, Marty hajui. Maziwa yaliyomwagika jikoni kwa Virginia yameshafika kwa Clara, na hakuna mtu hata mmoja kwenye mnyororo ule aliyetenda ubaya.

Marty anamsindikiza Clara. Njiani Angie, aliyekuwa akimtafuta usiku kucha, hamsalimii Clara vizuri. Marty anaahidi kupiga simu kesho saa nane na nusu mchana, baada ya misa. Akiachana naye anarudi barabarani peke yake, furaha imemzidi, anakipiga ngumi kibao cha kituo cha basi na kukimbia katikati ya magari akiita teksi. Mtu aliyezoea basi, usiku huu anataka teksi.

Jumapili inamnyang'anya kila kitu, kipande kwa kipande. Mama anasema yule msichana amezeeka, na si Mwitaliano. Thomas, ambaye ni mhasibu na ndiye Marty aliyemtegemea kwa ushauri wa bucha, yuko katikati ya kugombana na mkewe kwa sababu mama anahamishwa. Anamjibu Marty kwa uchungu wa ndoa yake, si kwa hesabu. Supamaketi zitakumaliza, anamwambia, na kuoa kwenyewe ni cha nini. Angie amenuna, kwa sababu Marty akioa, Angie atabaki na swali la Jumamosi usiku bila wa kumrudishia. Vijana wa baa wanasema hana sura. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo yenyewe ni joto la familia na urafiki wa miaka. Waandishi wengi wangemleta mwanamume mwingine wa kushindana na Marty, au siri ya zamani ya Clara. Chayefsky hakuhitaji adui. Saa nane na nusu inafika, inapita. Simu haipigwi.

Halafu tunaonyeshwa Clara nyumbani na wazazi, mbele ya televisheni, machozi yamemjaa. Hakuna saa ya ukutani inayoonyeshwa kwa mkazo, wala haihitajiki: wanatazama kipindi cha Ed Sullivan, ambacho kituo cha CBS kilikirusha kila Jumapili saa mbili usiku, na kila Mmarekani wa 1955 alilijua hilo kama tunavyojua saa ya taarifa ya habari. Amesubiri kwa muda wa saa tano na nusu. Anayetazama leo bila kujua hilo anapoteza nusu ya pigo.

Kasoro ya kweli ya filamu ni kwamba Betsy Blair, anayeigiza kama Clara, si mwanamke mbaya wa sura, na hakuna gauni wala chanuo litakalomfanya awe. Inabidi tuamini wanaume wanaosema hivyo. Hata hivyo anacheza kwa staha kubwa. Ukimya wake una akili ndani. Karibu aikose kazi hii kwa siasa, maana jina lake lilikuwa kwenye orodha nyeusi ya waliotuhumiwa ukomunisti, na mumewe wa wakati huo, Gene Kelly, nyota wa studio ya MGM, aliibana studio hiyo hadi njia ikafunguka. Blair aliteuliwa kuwania Oscar.

Tuzo zilifuata kwa wingi. Kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Mei 1955, Marty ilikuwa filamu ya kwanza kupewa tuzo kuu chini ya jina la Palme d'Or. Kwenye Oscar, 21 Machi 1956, ilichukua filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume na uandishi. Borgnine aliwashinda Sinatra yule yule na Spencer Tracy, ambaye kwenye filamu aliyoteuliwa nayo alimtwanga Borgnine kwa mkono mmoja. Hadi leo hakuna filamu fupi kuliko hii iliyotwaa Oscar ya filamu bora.

Jumapili jioni, baa ile ile. Vijana wamesimama, wanaulizana wafanye nini usiku huu. Sijui, wewe je? Marty anasikiliza swali likizunguka, na mara hii analisikia. Anawaambia: ninyi hammpendi, mama hampendi, mimi ni mnene na nina sura mbaya, lakini jana usiku nilifurahi, na nikifurahi hivyo mara za kutosha nitampigia magoti nimwombe aolewe nami. Anaingia kwenye kibanda cha simu. Angie anamfuata hadi mlangoni. Marty anamgeukia, na kwa maneno ya akina mama wa bucha anamwuliza yeye ataoa lini, ndugu zake wote wameshaoa, haoni haya? Anamwomba radhi, anavuta mlango. Haloo, Clara? Sauti ya upande wa pili, safari hii pia, hatuisikii.